Mafunzo ya Jumamosi ya hadithi za watoto na za kutisha: nendeni, ila kabrasha lifanyiwe kazi

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini hapa Dodoma, mkipata nafasi ya kukaa na mkufunzi huyu wa Kiingereza, msiiache. Utafiti wake ni wa fasihi ya watoto na hadithi za kutisha, na anachotufundisha Jumamosi kinatoka humo humo.

Anasema watu wazima tunapolifuta zimwi kwenye hadithi, mtoto hubaki na hofu yake bila wa kumsindikiza. Na anaonyesha kwa maandishi. Mwaka 1812, ndugu Grimm wa Ujerumani walipochapa hadithi ya Hansel na Gretel, aliyeshauri watoto watelekezwe msituni alikuwa mama yao mzazi. Kufikia toleo la 1840 amegeuzwa mama wa kambo. Chumba kizima tuliguna.

Tukasoma pia shairi la Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, kwenye kitabu alichomtungia mwanawe mdogo, kilichotoka 1845. Mtoto ananyonya vidole, fundi cherehani anaingia na mkasi, vidole gumba vinakatwa, basi. Hapo nilimpinga mkufunzi na bado napinga. Mtoto hana pa kutokea. Ile ni fimbo iliyotiwa vina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na zimwi la kwenu, mwalimu, mtoto anatokea wapi?"

Jumatatu nikawasimulia Darasa la Tatu lile zimwi linalomfungia msichana ndani ya ngoma, kama nilivyosikia kwa bibi, kule Bahi. Linapiga, msichana anaimba, kijiji kinatuza. Mama anaitambua sauti, zimwi linanyweshwa pombe hadi linalala, msichana anatolewa na nyuki wanatiwa ndani. Ngoma ilipolia, watoto walikuwa wameshikana mikono chini ya madawati. Nyuki walipotoka, darasa lilipasuka: "Rudia, mwalimu!"

Kabrasha sasa. Kiingereza chake kizito, fotokopi imefifia, na mifano yote ni ya Ulaya na Marekani. Hadithi ya Wagogo, wenyeji wa hapa Dodoma, hamna hata moja! Kwa kazi inayofundishwa Dodoma, hilo ni pengo kubwa, na nimemwambia mwenyewe.

Mkienda, rukeni utangulizi, anzeni na sura ya Grimm. Halafu kila mtu abebe hadithi ya kwao, maana kipindi cha mwisho ni cha kusimuliana, na mkufunzi anauliza maswali ambayo kabrasha halina.