Mashine ya Kutafutia Dhahabu kwa Anayeanza: Ipi Uinunue Kwanza

Wengi wanaonunua mashine yao ya kwanza ya dhahabu huuliza inasikia dhahabu iliyo mita ngapi ardhini. Jibu la kweli huwavunja moyo, maana kina cha mashine ya mkononi hupimwa kwa sentimita. Kipande kisichofika gramu moja hulia kikiwa sentimita chache tu chini ya koili, ile sehemu bapa ya mashine inayopitishwa juu ya ardhi. Hata Hand of Faith, pande la kilo 27 ambalo Kevin Hillier alilipata kwa mashine huko Victoria, Australia, mwaka 1980, lilikuwa kwenye kina cha sentimita 30 hivi. Kwa hiyo muuzaji akikuahidi mita tano au kumi, muage uondoke.

Jambo jingine lieleweke mapema. Mashine hizi hulia kwa kipande, si kwa vumbi. Dhahabu laini iliyotawanyika ndani ya mwamba, au ile ya mchangani inayotaka karai na maji, hupitwa kimya hata ikiwa nyingi. Kama eneo lako halijawahi kutoa vipande vya kushikika kwa vidole, fedha yako itakufaa zaidi kwenye vifaa vya kuoshea mchanga.

Baada ya hapo, kinachoamua ununue ipi ni chuma kilichomo ardhini. Tia sumaku kwenye mfuko wa nailoni, kisha iburuze juu ya udongo mkavu wa pale unapokusudia kutafuta. Ikitoka na vumbi jeusi kidogo, ardhi yako ni pole. Ikitoka imeota ndevu nene za mchanga mweusi, au kama kuna mawe mekundu mazito yanayonasa sumaku, ujue mashine nyingi za bei nafuu zitapiga kelele hapo tangu asubuhi hadi jioni.

Sababu iko kwenye namna zinavyofanya kazi. Mashine za VLF hupeleka mawimbi ardhini na kusikiliza papo hapo, bila kupumzika. Masafa yakiwa juu, huhisi punje ndogo sana, ila chuma cha udongo nacho huzisumbua zaidi. Mashine za PI hutuma mpigo, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi unaobaki. Sehemu kubwa ya kelele ya udongo huwa imekwisha kufa wakati huo, ndiyo maana huvumilia ardhi yenye chuma kingi na kusikia kwa kina zaidi. Gharama yake ni kwamba ni dhaifu katika kutenganisha msumari na dhahabu, kwa hiyo utachimba karibu kila mlio.

Kwa anayeanza kwenye ardhi pole au ya wastani, ninayoiweka ya kwanza ni Minelab Gold Monster 1000. Ni VLF ya masafa ya kilohezi 45, inajisawazisha yenyewe na ardhi, yaani inajirekebisha isilie kwa chuma cha udongo, na hata usikivu wake unaweza kuuacha ujipange wenyewe. Mgeni wa kazi hii hupotea hasa kwenye mipangilio: anaongeza usikivu hadi mwisho akidhani atapata zaidi, matokeo yake hasikii chochote ila mtafaruku. Mashine hii inamwondolea mzigo huo ili masikio yake yajifunze. Mara nyingi huuzwa na koili mbili. Ile ndogo ya duara ndiyo ya kutumia kwenye mashimo ya zamani, katikati ya mawe na penye vyuma vingi. Udhaifu wake ni maji: koili inaweza kuzama, lakini kisanduku cha juu hakifai kuzamishwa.

Kama utafutaji wako ni wa mtoni, basi ya kwanza kwako ni Nokta Gold Kruzer. Ina kilohezi 61 na yote inaweza kuzamishwa majini hadi mita 5. Mipangilio yake inataka uvumilivu zaidi, ndiyo sababu nimeiweka ya pili.

Ya tatu ni Minelab Equinox 800, kwa anayetaka pia sarafu na vito vya ufukweni. Inapata dhahabu, ila sehemu kubwa ya unacholipia si ya dhahabu.

Fisher Gold Bug 2 naiheshimu sana. Kwa kilohezi 71 inasikia punje ndogo mno. Lakini kuisawazisha na ardhi ni kazi ya mkono muda wote, na udongo wenye chuma huishinda. Ninaiweka ya nne kwa sababu ya mnunuzi, wala si kwa ubaya wa mashine.

Sumaku yako ikiwa imeota ndevu, futa mpangilio huo wote na uangalie Minelab SDC 2300. Inatumia mipigo kama PI, inakunjika na kuingia kwenye begi, inaweza kuzamishwa majini hadi mita 3, na vitufe vyake ni vichache. Koili yake haibadilishwi. Bei yake iko juu sana kuliko VLF, na kwa ardhi ya aina hiyo sioni njia ya mkato.

GPX 6000 na GPZ 7000, za Minelab pia, ziache kwanza. Ni mashine kubwa kweli, ila GPZ ina uzito unaozidi kilo 3, na mkono usiozoea huanza kuinua koili juu ya ardhi baada ya muda mfupi. Kila sentimita unayoiinua ni kina ulichokipoteza.

Usinunue kabisa vifaa vya antena vinavyodaiwa kuelekeza dhahabu kutoka mbali. Vinafanana na ADE 651, kifaa cha uongo cha kutafutia mabomu kilichomfanya James McCormick afungwe miaka 10 Uingereza mwaka 2013. Hakikuwa na chochote ndani cha kufanya kazi hiyo. Jihadhari pia na bandia za Minelab GPX 4500 na GPX 5000, ambazo ni nyingi. Hakiki namba ya mashine kwa mtengenezaji au wakala wake kabla ya kulipa.

Tenga fedha ya hedifoni, sururu ndogo na kijiko cha plastiki cha kuchotea udongo. Mlio ukishatoka shimoni, chota udongo, upitishe juu ya koili, ukilia ugawe nusu kwa nusu hadi kipande kibaki kiganjani. Kijiko cha chuma kitakuharibia zoezi hilo.

Kwa mashine iliyotumika, nenda na risasi ndogo ya bunduki ya upepo, kwani madini ya risasi huitikia karibu kama dhahabu. Ibandike kwenye kadi, ifukie sentimita 3 kwenye udongo halisi, si mezani dukani, kisha pitisha koili polepole ikigusa nyasi. Mlio uwe ule ule kila unapopita, na pembeni pawe kimya. Ikilia kila mahali hata baada ya kusawazishwa, au isipolia kabisa, mrudishie mwenyewe mashine yake.