Nyota nne kwa kile kiofisi cha wanajeshi wastaafu, Malindi

Nimeahidi kuandika hii tangu Ramadhani, sai ndio nimepata nafasi. Ni kile kikundi kinachosaidia wanajeshi wastaafu na familia zao, kiko Malindi mjini, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zake nyembamba na zimesimama wima, hiyo nitairudia.

Sisi tulienda kwa sababu ya babangu. Alikuwa jeshini miaka mingi, akastaafu, akafariki, mamangu akabaki na bahasha ya kaki imejaa makaratasi ambayo nyumbani hakuna ayaelewaye. Tushazunguka maofisi kufuata pesa zake za jeshi mpaka tukachoka, hii yatutuma kwa ile, njooni kesho, leteni kopi, hii kopi haisomeki. Kwa hivyo nilidhani na hawa watatupa unga na mafuta ya kupikia, tupigwe picha, kwaherini, manake misaada ya huku kwetu twaijua, bango huwa kubwa kuliko gunia.

Kumbe la. Aliyetupokea ni mzee mmoja, sajenti wa zamani, akamwambia mamangu "keti kwanza bibi, upumue", akaimwaga ile bahasha yote mezani akaanza kupanga kama mtu apangaye karata. Cheti cha kifo huku, kitambulisho huku, barua ya kustaafu, namba ya jeshi. Akakaa kimya weee, halafu akaweka kidole kwenye jina. Kitambulisho cha marehemu jina limeandikwa kwa o, barua ya jeshi kwa u, na cheti cha kifo kimeongezwa jina la babu ambalo kwengine kote halipo. "Hapa ndipo mlipokwama." Miezi minane wallahi, na hakuna karani hata mmoja aliyetuonyesha hiyo herufi.

La pili likawa ndoa. Mamangu aliolewa nyumbani, mwalimu akaja, mashahidi wakakaa, mahari ikatoka, pilau ikaliwa, cheti nani alikifikiria. Sai Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, na zetu za Kiislamu zimo, lakini yeye ni wa zamani, na mjane asiye na karatasi kwenye mambo haya ni kama hakuolewa. Wakatupeleka kwa Kadhi, wakatuambia mashahidi gani tuwatafute (mmoja tulimpata Mambrui, mzee lakini akumbuka mpaka rangi ya kanzu ya babangu), wakatutafutia na wakili wa kutia muhuri hati ya kiapo ya yale majina. Wao wenyewe hawakutaka hata shilingi, tulilipa zile ada za kawaida na tuktuk basi.

Kitu chengine ni baraza ya kahawa, Alhamisi baada ya alasiri. Kahawa chungu, tende, wazee na vijana waliostaafu, kuna walioingia Somalia tangu Oktoba 2011 KDF, jeshi letu la Kenya, ilipovuka mpaka, kuna waliokuwa msitu wa Boni kule Lamu. Yuko mshauri wa mambo ya akili, lakini huketi na kikombe chake kama wenziwe, hakuna faili wala kuitwa mgonjwa, na nadhani ndio maana wanakuja. Jirani yetu mmoja mumewe akisikia mtaani kuna harusi huenda kulala Gede kwa nduguye kwa sababu ya fataki, watu walikuwa wakimcheka, kwamba askari mzima akimbia baruti za watoto. Sasa huja Alhamisi. Bado alala Gede lakini siku hizi huaga.

Nyota moja nimeikata, na nawaambia waziwazi. Hiyo baraza ni ya wanaume, wake zao huwa wameketi kwenye ngazi na watoto wakingoja, na hao ndio walalao na mtu aamkaye usiku akipiga kelele, wao wazungumze na nani? Wapeni hata Jumamosi moja. Halafu hizo ngazi zenyewe, ofisi ya watu wengine wao wana magongo mwaiweka ghorofani kweli? Na ile Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 wameibandika ukutani kwa Kiingereza tupu, mamangu akaiangalia akauliza "na hii yaniambia nini?", ikabidi mzee amueleze kwamba yawataja na wategemezi. Si muandike ukurasa mmoja wa Kiswahili?

Faili letu limepokelewa, pesa bado twangoja, tukizipata nitarudi kuongeza hapa.

Ukienda nenda asubuhi kabla ya adhuhuri, beba zile karatasi asli na kopi mbili mbili. Simu hawashiki. Ukikuta mlango umefungwa muulize mwenye duka la chini, ufunguo huwa kwake.