Tembe la Kwihara, Tabora: nenda asubuhi, beba tochi

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa; katika hili alikaa mvumbuzi David Livingstone mwaka 1872. Kutoka mjini Tabora ni kama kilomita 6 kuelekea kusini-magharibi. Bodaboda inatosha, ila mwambie dereva akusubiri, maana kupata chombo cha kurudi ni bahati. Masika, barabara ya udongo huteleza.

Anza na mlango wa mbao wenye nakshi: kazi ya Pwani kabisa, ushahidi wa njia ya misafara ya biashara kati ya Pwani na bara. Kisha tazama juu. Paa la tembe ni bapa; boriti na fito hubeba tabaka la udongo. Nyumba hubaki baridi jua likiwaka, lakini udongo ukilowa huongezeka uzito, boriti huinama na maji hupenya. Ndiyo maana tembe lisilokandikwa kila mwaka halidumu. Kuta nene na madirisha madogo hufanya ndani kuwe giza, kwa hiyo picha za simu hutoka hovyo bila tochi.

Livingstone na Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, waliagana 14 Machi 1872; Livingstone akabaki hapa akisubiri wapagazi hadi 25 Agosti. Vyumba ni vichache, saa moja inatosha. Wapenda majengo, ongezeni nusu saa.