Nilivyompata babu wa Keya: huduma ya CWGC ya kutafuta majina ya waliokufa vitani

Huduma: sehemu ya kutafuta majina kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, cwgc.org
Bei: bure, bando lako tu
Nyota: nne kati ya tano

Naandika kwa ajili ya familia kama yetu, ambazo zina babu aliyeingia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles la Waingereza, akapelekwa Bama (Burma, Myanmar ya leo) katika vita vya pili, hakurudi, na leo jina lake linasikika kwenye dua tu. Ukitaka kumtafuta mtu wa namna hiyo, mkono unakwenda wenyewe kwenye jina. Unaliandika kama unavyolijua, haitoki kitu, unafunga simu na kusema Wazungu hawakumwandika. Mara nyingi walimwandika, ila kwa jina ambalo mama yake asingelitambua. Kwa hiyo huduma hii naisifu kwa jambo moja kubwa: inakuruhusu kumtafuta mtu bila jina kabisa.

Ninayemtafuta ni babu yangu mkubwa, kaka yake babu mzaa baba. Ni Myao wa Tunduru, jina lake Bakari, na jina la baba yake linaanza na Ng'. Sitaliandika lote hapa kwa sababu ndugu zangu wengi wanalitumia. Sasa tazama kazi iliyopo hata kabla hujafungua tovuti. Kiyao hakina r ya asili, kwa hiyo wazee wetu wanamwita Bakali. Karani wa kuandikisha askari hakuuliza herufi, aliandika alichosikia. Mtu huyo mmoja anaweza kuwa Bakari, Bakali, Bakary, Backari, hata Abubakari kama alikutana na karani Mwislamu aliyetaka kulinyoosha jina. Ile Ng' nayo iligeuka N, au Nga, au Ny, na alama yake ya juu ikapotelea kwenye mashine ya chapa. Halafu kuna suala la mpangilio: Mwingereza anataka jina la ukoo, sisi tunataja jina la mtu kisha la baba yake. Katika orodha za Keya utakuta mmoja ameingizwa kwa jina lake, mwenzake kwa jina la baba, na wa tatu ana jina moja tu bila chochote pembeni. Zidisha hizo zote uone una maumbo mangapi ya kujaribu.

Kabla ya kufika CWGC nililipia tovuti moja kubwa ya ng'ambo ya mambo ya ukoo, ambayo siitaji. Inatoza kwa dola kila mwezi. Ilinilazimisha kujaza jina la ukoo ndipo itafute, kisha ikaniletea watu wa Marekani wa karne ya 19 na kunishauri niwaunganishe na mti wa familia yangu. Nilipoandika kuomba msaada nilijibiwa kwamba nijaribu tahajia nyingine. Kwa familia ya Kusini ya Tanzania hiyo ni hela iliyokwenda bure, na iliniuma kwa sababu sehemu yake ilikuwa mchango wa shangazi.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe. Hifadhidata ya CWGC ina majina kama milioni 1.7 ya waliokufa katika vita vikuu viwili. Ukifungua utafutaji wa kina unakuta visanduku vingi: jina la ukoo, jina la kwanza, namba ya jeshi, cheo, kikosi, vita gani, tarehe ya kifo kuanzia lini hadi lini, makaburi au mnara gani, na kisanduku cha maelezo ya ziada. Si lazima ujaze vyote. Unaweza kuacha jina wazi, ukaweka kikosi na tarehe, ukapata orodha nzima. Orodha hiyo unaipakua kama jedwali, unaipanga unavyotaka kwenye kompyuta, na unaisoma jina moja moja kwa sauti. Kusoma kwa sauti ni muhimu. Jicho linaona kosa la tahajia, sikio linamsikia mtu.

Ila tarehe na kikosi unavipata wapi? Kwa wazee, na hapa ndipo nilipojifunza kuuliza maswali tofauti. Ukimwuliza mzee mwaka, atakwambia hajui. Shangazi yangu, ambaye habari hizi alizipata kwa mama yake, nilimwuliza kwa simu: aliyeleta taarifa ya kifo alikuwa nani, alivaa nini, alisema ilikuwa wakati gani wa mwaka?

"Alikuwa rafiki yake, walikwenda pamoja," akaniambia. "Alirudi na koti lina kichwa cha kifaru begani. Sisi watoto wa wakati ule tuliambiwa tusilishike. Akasema Bakali walimpoteza baada ya kuvuka mto mkubwa. Idi ya kuchinja walishaila, mwanangu, tena waliila mvuani."

Hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw, huko Bama, mwaka 1944, masika ya kule yakiwa yamepamba moto, magari yakizama kwenye tope na malaria na kuhara vikiwaandama askari njia nzima. Mwanzoni mwa Desemba ikaingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Baadaye mafundi wa jeshi wakaweka hapo daraja la vyuma la zaidi ya meta 300. Na Idi ya kuchinja mwaka ule, 1363 Hijria, iliangukia kama tarehe 26 Novemba 1944. Kalenda za kubadili tarehe ziko nyingi mtandaoni na hazitozi kitu. Mto mkubwa baada ya Idi: ni Chindwin, ni Desemba. Mama yake shangazi hakujua kusoma, lakini alihifadhi tarehe kwa usahihi ambao sijauona kwenye makaratasi mengi.

Nikaweka kikosi: King's African Rifles. Vita: vya pili. Tarehe: kuanzia mwisho wa Novemba hadi mwisho wa Desemba 1944. Jina nikaliacha tupu. Ikaja orodha ya watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) waliochanganyika, kwa sababu batalioni za divisheni ile zilitoka kote huko. Za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36. Nikachuja hizo mbili. Ukipunguza hivyo, unabaki na orodha inayosomeka kikao kimoja, kahawa mkononi.

Yumo. Ameandikwa kwa l, kama wazee wanavyomwita, na ile Ng' imekuwa Ny, na irabu ya mwisho ya jina la baba imekatwa. Kwenye maelezo ya ziada kuna jina la wilaya: Tunduru. Nililisoma kwa sauti kwenye simu, shangazi akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia ndugu wa kuwapigia. Batalioni ni ya Tanganyika, wilaya ni yetu, tarehe iko baada ya Idi na mvuko wa mto, na jina ukilitamka kwa mdomo wa Myao ni lake. Ushahidi wa aina hiyo nauamini kuliko karatasi moja yenye jina lililonyooka.

Hana kaburi linalojulikana. Jina lake liko kwenye Mnara wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, nje kidogo ya Yangon (ndiyo Rangoon ya zamani), ukiwa na majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi. Ukurasa wake kwenye tovuti unaonyesha mnara, mahali ulipo na ubao gani wa kutazama. Pia unaweza kuchapisha cheti cha kumbukumbu. Sisi tulichapisha kwa karatasi ngumu stationery ya mtaani, na tukakitumia kwenye khitma.

Mambo ya kujua kabla hujaanza. Kurasa ni za Kiingereza, kwa hiyo mzee akae na kijana wa kumsomea. Waliomo ni waliokufa tu, tena ndani ya tarehe maalumu: kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921 kwa vita vya kwanza, na 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947 kwa vya pili. Babu aliyerudi salama na kufia kijijini mwaka 1970 humkuti humu hata ujaribu vipi. Na usihangaike na nishani za nyota za shaba alizoacha ukidhani zina jina lake kwa nyuma. Ile ya Bama tuliyoiona kwa jirani ni tupu upande wa pili.

Msitafute Keya peke yake. Waafrika Mashariki walikuwa pia kwenye mizinga, uhandisi, usafirishaji, matibabu na mapayonia (askari wa kazi za mikono), na kila kitengo kina jina lake kwenye kichujio. Kama familia yenu inasema babu "alizama na meli", jaribu tarehe moja: 12 Februari 1944. Siku hiyo nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail karibu na Maldives, ikiwa safarini kutoka Kilindini kwenda Colombo. Wakafa watu karibu 1,300, wengi wao wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Weka tarehe hiyo na kitengo cha East African Artillery, majina yatateremka skrini nzima.

Nyota ya tano naibakiza kwa ajili ya vita vya kwanza. Hapa hakuna ujanja wa kichujio utakaokusaidia sana. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 na kuomba radhi: Waafrika na Waasia kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni watu wetu, hasa wapagazi wa Karia-koo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi), ambao jina lao lilibaki kwenye soko la Dar es Salaam na la Nairobi kuliko kwenye jiwe. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, inamwambia apitaye kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Haina hata jina moja. Zile za Nairobi na Mombasa ni hivyo hivyo. Nikipita pale kwenye mzunguko huwa nakasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Kazi ya kurekebisha hayo inaendelea, na hiyo ni sababu ya kurudi kwenye tovuti hata kama mwaka juzi ulikosa. Nchini Kenya, kumbukumbu za zamani zilizokuwa kwa majeshi ya ulinzi zimetoa majina zaidi ya 3,000 ya askari wa vita vya kwanza ambao hawakuwa wameandikwa popote. Kwa hiyo hifadhidata haijafungwa.

Kuhusu makosa ya tahajia, kuna fomu ya kuomba jina lirekebishwe, ila wanataka uthibitisho, na familia ya mkulima wa Tunduru ya mwaka 1940 haikuwa na cheti cha kuzaliwa. Tulichoambatisha ni maelezo ya shangazi yaliyoandikwa na kuapwa mbele ya wakili, pamoja na karatasi ya mirathi ya babu mzaa baba inayoonyesha jina la baba yao kwa tahajia yetu. Hatukuomba ile l ibadilishwe, maana ndivyo alivyoitwa nyumbani. Tumeomba Ng' yetu na irabu ya mwisho.

Ukishampata mtu wako na ukataka kujua siku ile kulitokea nini, hatua inayofuata ni Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza. Shajara za vita za vikosi vilivyopigana Bama ziko kwenye mfululizo wa WO 172. Orodha yake unaitafuta bure mtandaoni, nakala unalipia. Jiandae kukuta maafisa kwa majina na askari kwa idadi. Lakini ukiwa na tarehe mkononi, ile "askari wawili wameuawa" inakuwa na mtu ndani yake.

Lile jedwali la batalioni za Tanganyika la Novemba na Desemba 1944 ninalo, nimelipanga kwa wilaya pale ambapo wilaya imeandikwa. Nimeona humo watu wa Songea, Masasi, Lindi na Tabora ambao huenda kwao bado wanasubiriwa habari zao. Mwenye ndugu aliyepotelea Bama msimu ule aniandikie hapa chini, ataje jina kama linavyotamkwa nyumbani, si kama lilivyo kwenye kitambulisho, na nitamtazamia.