Nyota mbili kwa kipima udongo cha sindano, nne kwa chupa ya mayonezi

Nakaa Ilomba, Mbeya mjini, na nyuma ya nyumba nina kibustani cha hatua kama 12 kwa 8. Nilihamia na ile imani ya kila mgeni wa huku, kwamba Mbeya ukitupa mbegu inaota. Inaota kweli, shida inaanzia hapo. Spinachi za karibu na ukuta zilikuwa zinatoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, na za kule chini karibu na mfereji zilidumaa, jani kubwa kuliko yote halizidi kiganja cha mtoto. Urea niliweka, samadi niliweka, majivu ndiyo usiseme.

Mwaka jana mwezi wa nane nikanunua kipima udongo kwenye duka la pembejeo Mwanjelwa, shilingi 25,000. Kina sindano mbili na uso kama wa saa, hakitumii betri. Muuzaji aliniambia nichomeke, nisubiri dakika moja, nisome. Nikachomeka kwenye udongo wa ukutani: 7. Nikachomeka mfereji: 7. Nikafurahi, maana 7 ni katikati: chini yake udongo ni mchachu, yaani una tindikali, juu yake una magadi. Jioni mwanangu akakichukua akawa anakichezea sebuleni, akaniuliza, "Mama, mbona hata hewani kinasoma saba?"

Nikarudi bustanini. Udongo mkavu, 7. Nikamwagia maji kikombe kimoja, mshale ukashuka hadi 6.5. Nikakikandamiza zaidi, ukashuka tena. Baadaye ndiyo nikaelewa kinavyofanya kazi: zile sindano ni za metali mbili tofauti, zikikutana na unyevu zinatoa umeme kidogo, na mshale unaufuata umeme huo. Kwa hiyo maji, chumvi ya mbolea na nguvu ya mkono wako vyote vinaingia kwenye jibu. Kwa kujua kama chungu cha maua kimekauka, kinafaa. Kwa tindikali ya udongo, mimi sikiamini tena.

Aliyenitoa gizani ni bibi shamba wa kata, na hakunidai hata mia. Alikuja na kichupa cha siki kwenye mkoba. Akachota udongo wa ukutani kijiko kimoja, akaudondoshea siki, ukachemka povu kama soda. "Mama, hapa mafundi walikorogea zege," akasema. "Na wewe umekuja kuongezea majivu." Ni kweli. Jiko langu la kuni liko hatua nne kutoka hapo, na majivu nilikuwa namwaga palipo karibu. Majivu yanapunguza tindikali, saruji nayo vilevile, kwa hiyo udongo ulikuwa umepitiliza upande wa pili, na kwenye udongo wa namna hiyo mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Ndiyo ile njano. Udongo wa mfereji haukutoa hata povu moja.

Kisha akanielekeza kipimo cha chupa, na hiki ndicho nakipa nyota nne. Chukua chupa ya mayonezi inayoonyesha ndani, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na tone la sabuni ya vyombo, tikisa mpaka mkono uchoke, weka dirishani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima au zaidi ukiwa bado umetia maji ukungu. Yangu ya mfereji ilinishangaza: vijiwe vya kijivu vilipanda juu vikaelea kama maandazi kwenye mafuta. Ni mawe mepesi ya volkano, mabaki ya milipuko ya zamani ya milima yetu, Rungwe na Ngozi. Udongo wenye mawe hayo unapitisha maji haraka na mvua inaondoka na virutubisho. Tena udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuing'ang'ania fosforasi, unaweka mbolea halafu mizizi haiipati. Nyota ya tano nimeinyima chupa kwa sababu haisemi lolote kuhusu tindikali.

Kwa hilo nilikwenda maabara, ambayo sitaitaja. Nilichota sehemu 12 kila upande, kina cha sentimita 20, nikachanganya kwenye ndoo ya plastiki safi, nikaanika kivulini, nikapeleka nusu kilo nusu kilo kwenye mifuko miwili tofauti. Hilo la mifuko miwili ni muhimu. Ningechanganya ukutani na mfereji ningepata wastani usiohusu sehemu yoyote. Niliambiwa wiki moja, majibu yakatoka baada ya wiki tatu, ukurasa mzima wa Kiingereza na vifupisho bila mstari mmoja wa kueleza nifanye nini. Ila namba zilinyooka: ukutani 8.1, mfereji 5.2, fosforasi chini kote kuwili. Kile cha sindano kilisema 7 na 7! Nyota tatu kwa maabara, moja imekatwa kwa ucheleweshaji, nyingine kwa kumwachia mteja fumbo.

Mwezi wa tisa nilichanganya chokaa ya kilimo, ya kupunguza tindikali, upande wa mfereji, ili ifanye kazi kabla ya mvua za Novemba. Nikaongeza mboji nyingi. Kufikia Februari spinachi za kule zilikuwa zinakatwa kila wiki. Ukutani sikuhangaika na ardhi, nimepanga viroba 14 vyenye udongo wa kuleta na samadi, nimepanda figiri na chainizi. Majivu sasa anachukua jirani, lakini nimemwambia apime kwanza kwa siki.

Kipima kiko kwenye chungu cha mshubiri. Bado kinasoma 7.