Chaneli ya ligi ya chuo: ipi ya kulipia, ipi ya kuiacha

Kama una mtoto anayesoma Iowa, au unaishi Lexington ambako kikapu cha Kentucky hujadiliwa hadi kwa kinyozi, Agosti haipiti bila tangazo la chaneli ya ligi kukufikia. SEC Network, Big Ten Network, ACC Network, kila moja ikiwa chaneli ya ligi yake ya michezo ya vyuo vya Marekani: zote zinakuahidi chuo chako. Hakuna hata moja yenye mechi zote za chuo hicho, na zinazokosekana kwanza ni zile kubwa.

Hii inatokana na mechi, hasa za futiboli (ile ya Kimarekani, si soka), zinavyogawanywa. Vituo vikubwa vilivyonunua haki huchagua kwanza, kwa kawaida siku 12 kabla ya mechi, na wakati mwingine husubiri hadi zibaki siku 6. ABC na ESPN hujichukulia wanachotaka kutoka SEC na ACC. FOX, CBS na NBC hugawana Big Ten. Kinachobaki ndicho kinachopelekwa chaneli ya ligi. Kwa hiyo Alabama wakikutana na Georgia, usiwatafute SEC Network. Huko utawakuta Alabama wa Septemba wakicheza na timu ndogo iliyolipwa kuja kufungwa.

Mara mojamoja timu ndogo hukataa kufungwa. Tarehe 1 Septemba 2007, siku mbili tu baada ya Big Ten Network kuanza kurusha matangazo, Appalachian State walikwenda Ann Arbor wakawafunga Michigan 34–32, wakizuia teke la mwisho sekunde za mwisho. Mechi ilikuwa kwenye chaneli hiyo mpya, na wateja wa Comcast, kampuni kubwa ya kebo, hawakuwa nayo. Makubaliano yalipatikana mwaka 2008. Ni kisa kizuri cha kusimulia, ila usilipie bili ya mwaka mzima kwa kutegemea kitajirudia.

Chaneli hizi zinalipa kwa kikapu, wavu, besiboli, softiboli, mieleka na riadha. ACC Network ilipofunguliwa tarehe 22 Agosti 2019 iliahidi mechi kama 40 za futiboli kwa mwaka, lakini za kikapu, wanaume na wanawake, zaidi ya 150. Mechi za ligi za katikati ya wiki, Januari na Februari, ndipo inapofanya kazi kweli. Waliomfuata Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi msimu wa 2021–22, alipochaguliwa mchezaji bora wa taifa akiwa Kentucky na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, wanajua kwamba Jumanne au Jumatano usiku bila SEC Network ungeweza kubaki unasoma matokeo kwenye simu. Mwenye kupenda futiboli tu, tena mechi kubwa tu, hana haja ya chaneli ya ligi, na yeye ndiye tunaanza naye.

Ya kwanza: antena

Dola 20 hadi 40, unalipa mara moja. Tangu 2024 mechi kubwa za SEC zimehamia ABC. Big Ten wako FOX mchana, CBS alasiri na NBC usiku. The CW ina sehemu ya ACC. Vituo vyote hivi hurushwa hewani bure mijini.

Wengi hununua antena bapa, wanaibandika nyuma ya televisheni, wanakosa kituo kimoja, kisha wanaitupa kabatini. Tatizo huwa ni moja kati ya matatu. La kwanza ni mahali: ibandike dirishani upande wa mnara, juu iwezekanavyo, mbali na ukuta wenye nyavu za chuma. Tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ina ramani. Andika anwani yako, itakuonyesha minara iko upande gani na nguvu ya kila kituo. La pili ni masafa. Antena bapa nyingi zimetengenezwa kwa masafa ya juu, UHF, ilhali vituo kadhaa vya ABC bado viko kwenye ya chini, VHF: New York ABC inarushwa kwenye masafa ya chaneli 7, Philadelphia kwenye 6. Kama unapata vyote isipokuwa ABC, usinunue kikuza nguvu. Nunua antena yenye mikono mirefu ya VHF. La tatu ni kikuza nguvu chenyewe. Ukiwa karibu na minara, chini ya kilomita 25 hivi, kinazidisha mawimbi hadi kipokezi kinazidiwa, na picha inakatika zaidi kuliko mwanzo. Kichomoe ujaribu bila.

Ukishaisogeza antena, rudia kutafuta chaneli kwenye menyu ya televisheni. Televisheni haitaona kituo kipya chenyewe.

Ya pili: ESPN Unlimited, kwa nyumba ya SEC au ACC

Ilianza tarehe 21 Agosti 2025 kwa dola 29.99 kwa mwezi, bila kebo. Ndani yake kuna ESPN zote, michezo ya ABC, SEC Network, ACC Network, na zile za mtandaoni, yaani SEC Network+ na ACC Network Extra. Kabla ya hapo, kupata SEC Network mara nyingi kulimaanisha kununua kifurushi kizima chenye chaneli za mapishi na za nyumba za kuuzwa.

Angalia hizo za mtandaoni, kwa sababu watu huzichanganya. SEC Network ni chaneli yenye namba kwenye remoti. SEC Network+ haina namba. Iko ndani ya programu ya ESPN tu. Tangazo likisema mechi ya wavu ya Tennessee iko SEC Network+, unaweza kuzungusha chaneli hadi kesho usiione. Fungua programu ya ESPN, andika jina la chuo, mechi itajitokeza.

Kwa anayefuatilia wakimbiaji wetu, hii ndiyo ya kuchukua. Riadha ya SEC hupita humo, na fainali za taifa za NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, huonyeshwa na ESPN hao hao. Juni 2025 huko Eugene, Doris Lemngole, Mkenya wa Alabama, alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa 8:58.15, mwanachuo wa kwanza kushuka chini ya dakika 9.

Usilipe mwaka mzima. Mpenzi wa kikapu anahitaji Novemba hadi Machi: miezi mitano, kwa bei hiyo ya kuanzia, ni dola 149.95 badala ya 359.88 za miezi 12. Mpenzi wa besiboli ya SEC anahitaji katikati ya Februari hadi Juni. Na kabla hujatoa hata senti, fungua programu ya ESPN ujaribu kuingia kwa akaunti ya kampuni yako ya televisheni, kwa sababu baadhi ya vifurushi, cha Spectrum kikiwemo, tayari vina ESPN Unlimited ndani. Kuna nyumba zinalipa mara mbili na hazijui.

Ya tatu: Fox One, kwa nyumba ya Big Ten

Ilianza siku hiyo hiyo kwa dola 19.99. Ina FOX, FS1, FS2 na Big Ten Network, ambayo Fox ndiye mwenye hisa nyingi. Haina NBC wala CBS, kwa hiyo bila antena utakosa mechi nyingi kubwa za futiboli za ligi hiyo, na mechi chache huwekwa Peacock, huduma ya mtandaoni ya NBC, peke yake. Antena na Fox One kwa pamoja zinamtosha mtu wa Minneapolis au Columbus. Kwa mtu wa Iowa kuna mieleka pia, na majira ya baridi hiyo peke yake inahalalisha dola 20.

Usiichanganye na B1G+, huduma nyingine inayolipiwa kivyake. Ile huonyesha mechi ambazo hazikupata nafasi kwenye televisheni; mechi iliyoko Big Ten Network hutaipata mle. Ni nzuri kwa mzazi ambaye binti yake anacheza soka au hoki ya nyasi, basi.

Nyumba yenye mashabiki wa pande mbili, mmoja Kentucky na mwingine Ohio State, ichukue ESPN na Fox One kwa pamoja: kifurushi hicho kilitoka Oktoba 2025 kwa dola 39.99, pungufu ya dola 9.99 kwa kila mwezi ukilinganisha na kununua moja moja.

Ya nne: Sling, kwa mwenye subira

Sling, huduma ya televisheni kwa intaneti, ina matawi mawili, Orange na Blue, na nyongeza ya michezo. SEC Network na ACC Network ziko kwenye nyongeza ya tawi la Orange, Big Ten Network kwenye nyongeza ya Blue. Ukikosea tawi, umelipa na chaneli huna. Orange nayo hufunguka kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja: mtoto akiwasha chumbani, sebuleni panazimika. Ubora wake ni kwamba tangu Agosti 2025 inauza pasi ya siku moja ya Orange kwa dola 4.99. Ukitaka mechi mbili au tatu tu za msimu mzima, hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Hakikisha tu kwamba pasi uliyonunua imeongezewa ile nyongeza ya michezo.

Ya tano: vifurushi vikubwa

YouTube TV, iliyopanda hadi dola 82.99 Januari 2025, na DirecTV MySports, iliyoanza kwa dola 69.99, zina chaneli zote tatu. Zinafaa nyumba inayotazama NBA, NFL na habari pia. Kwa ajili ya chaneli ya chuo peke yake, hapana: dola 82.99 mara 12 ni dola 995.88.

Zaidi ya bei, kuna hatari ya kukatwa. Mikataba kati ya wenye chaneli na wasambazaji mara nyingi hupangwa iishe futiboli ikiwa imepamba moto, wakati mteja anapiga kelele zaidi. Disney, wenye ESPN, na Charter, wenye Spectrum, waligombana mwishoni mwa Agosti 2023, hadi 11 Septemba. Disney na DirecTV, nusu ya kwanza ya Septemba 2024. Disney na YouTube TV, 30 Oktoba hadi 14 Novemba 2025. Kila mara SEC Network na ACC Network zilizimwa pamoja na ESPN. Likikufikia, usivunje mkataba kwa hasira. Omba punguzo la bili, chukua ESPN Unlimited kwa mwezi mmoja, kisha angalia.

Ya mwisho: kebo yenye nyongeza ya michezo

Bei inayotangazwa huwa si ile utakayolipa. Chini ya bili kuna ada ya vituo vya hewani, ada ya michezo ya kanda na kodi ya king'amuzi, na hizo hupanda hata ukiwa ndani ya mkataba. Chukua tu kama unakoishi intaneti ni dhaifu.

Chaneli mpya ikizaliwa

Vyuo vinahamahama ligi, na chaneli mpya zitakuja. Swali la kwanza ni nani anaimiliki. Pac-12 Network ilianza Agosti 2012 ikimilikiwa na vyuo vyenyewe kwa asilimia mia. Ilisikika vizuri, lakini vyuo havikuwa na ESPN wala FOX wa kuwabana wasambazaji: "hutaki chaneli yangu ndogo, basi na kubwa huipati." DirecTV hawakuichukua kamwe, na tarehe 30 Juni 2024 ikafungwa. Longhorn Network ya chuo kimoja cha Texas ilikuwa na mkataba wa miaka 20 na ESPN. Nayo haikuvuka Juni 2024, kwa sababu Texas walihamia SEC. Hata ACC Network, yenye ESPN nyuma yake, haikuingia Comcast hadi Desemba 2021, zaidi ya miaka miwili tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza usibadilishe msambazaji kwa ajili yake, na usisaini mkataba wa miaka miwili. Subiri ratiba ya kikapu itoke vuli, uhesabu mechi za chuo chako zilizopangiwa chaneli hiyo. Zikifika kumi, lipia miezi mitatu. Zikiwa tatu, nunua pasi ya siku.

Intaneti na kujitoa

Picha safi ya HD hutaka kasi ya Mbps 8 hadi 10 kwa kila televisheni. Mechi ya futiboli ya saa tatu na nusu hula takriban GB 10, kwa hiyo anayetumia bando la simu ajipime. Matangazo ya intaneti huchelewa nusu dakika hivi nyuma ya antena; nyamazisha kundi la WhatsApp, vinginevyo utajua goli la ushindi kabla mpira haujapigwa.

Kufuta programu kwenye televisheni hakusitishi malipo. Ukijiunga kupitia Roku, Amazon au Apple, jitoe huko huko ulikojiunga. Ukienda kwenye tovuti ya ESPN utaambiwa huna usajili, huku kadi ikiendelea kukatwa. Unaweza kujitoa siku ile ile unayolipia, na chaneli itaendelea kufunguka hadi mwezi wako uishe.