Gari la Kukodi Lenye Hema: Tathmini ya Siku ya Kurudi

Wakati wa likizo ya shule ya mwezi Juni, familia yetu ya watu watano ilikodi gari lenye hema juu ya keria kwa safari ya siku nne ya kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuwafikishia wenyewe. Siku za porini nitazipita upesi: hema lilikuwa imara, magodoro yalikuwa safi na jiko la gesi halikutusumbua hata mara moja. Gari la namna hii, kwa maoni yangu, hupimwa siku ya kurudi, pale dereva amechoka, watoto wamechoka zaidi, mizigo imejaa vumbi na imefungwa kwa haraka, na mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam.

Tulitoka kambini saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya vumbi kuelekea Iringa ina mawimbi yanayotikisa kila kilicholegea, na huko ndiko tulikogundua kwamba mkanda wa kiti cha kati cha nyuma, alikokaa binti yetu wa miaka sita, haushiki. Ulimi wake uliingia kwenye kifungio na mlio ukasikika kama kawaida, lakini ukivutwa kidogo ulichomoka. Tulikwenda mwendo wa pole mpaka Iringa mjini, ambako fundi alikipuliza kifungio kwa kompresa, vikatoka vumbi na kipande cha karatasi ya pipi, kisha mkanda ukashika barabara. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika kumi. Karatasi ile haikuwa ya watoto wetu, maana hatukubeba pipi, kwa hiyo naamini gari lilikabidhiwa kwetu bila mtu kuujaribu mkanda ule kwa mkono. Kwa huduma inayotangazwa kuwa ni ya familia, hilo ni kosa kubwa.

Kwa upande wa breki na gia, nawashukuru kwa dhati. Kijana aliyetukabidhi gari alitumia karibu nusu saa kunieleza namna ya kushuka mlima na mzigo, akasisitiza kwamba gia ya kushukia ichaguliwe kabla mteremko haujaanza. Mlima Kitonga, baada ya Ilula, ndipo maneno yake yalipojidhihirisha. Mbele yetu kulikuwa na lori la tela lililotoa harufu ya breki zinazoungua, upande wa bonde hapakuwa na pa kukwepea, na sisi tuliteremka kwa gia namba mbili huku nikigusa breki mara chache tu. Tulipofika Ruaha Mbuyuni nilisimama, nikaishika rimu ya tairi la mbele, na haikuwa ya moto wa kuogofya. Hapo tulinunua vitunguu, kama wafanyavyo wasafiri wengi, tukala chakula cha mchana chini ya kivuli na kupumzika.

Jambo linaloniuma zaidi limo ndani ya mkataba: gari lirudishwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, vinginevyo mteja analipa siku nyingine nzima, ambayo kwetu ingekuwa shilingi 450,000. Mtu aliyetoka Ruaha asubuhi hawezi kutimiza sharti hilo bila kukimbiza gari, na barabara yenyewe haikubali kukimbizwa. Baada ya mji wa Mikumi, barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na vibao vinaonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Tulipopita, kundi la nyani lilikuwa limekaa katikati ya lami, na mbele kidogo swala watatu walivuka mfululizo, wa mwisho akirudi nyuma ghafla baada ya kufika nusu. Dereva anayehesabu dakika kwa kuogopa laki nne na nusu hawezi kumsubiri swala wa mwisho.

Nilikuwa nimepiga simu kutoka Ruaha Mbuyuni, na dada aliyepokea alinijibu kwa upole, akasema, “Msikimbize gari, kaka, lileteni kesho saa tatu asubuhi, hamtalipa kitu.” Kwa ruhusa hiyo tulikunywa chai Morogoro, tukastahimili foleni ya malori kuanzia Chalinze, tukaingia nyumbani saa nne kasoro usiku, watoto wote wamelala na mikanda yao imefungwa. Lakini ruhusa ile ilikuwa wema wa mtu mmoja, na mwenzake wa zamu nyingine angeweza kuikataa.

Kesho yake walikagua gari mbele yangu, wakaandika habari ya mkanda kwenye daftari lao, wakanirudishia dhamana yote pamoja na fedha niliyomlipa fundi. Ningependa kuwakodi tena. Wamenitumia mkataba wa safari ya Desemba, na sharti la saa kumi na mbili jioni bado limo vilevile, kwa hiyo sijautia saini.